Ombi la Kuyatambua Rasmi Madoa ya Gari la Mkurugenzi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kupitia kwa Afisa Utawala,
Kupitia Masjala.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MADOA YA MAJI KWENYE VIOO NA RANGI YA GARI LAKO, PAMOJA NA BARUA ZANGU MBILI ZA ONYO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni dereva wako. Naanza kwa kujitambulisha kwa sababu kwa miaka kumi na tisa umekuwa ukiniona kisogo tu, na huenda sura yangu ikakusumbua. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila mikono inanuka siki, kuhusu barua mbili za onyo nilizoandikiwa na Afisa Utawala ndani ya wiki sita. Ya kwanza ilisema gari lako jeusi lina "madoa ya maji yasiyoendana na hadhi ya ofisi." Ya pili ilisema madoa hayo "yameongezeka licha ya onyo," kana kwamba nayo yalipewa nakala yakakaidi.

Kwa kanuni zetu, barua ya tatu itaninyang'anya ufunguo. Nitapelekwa stoo nikahesabu mifagio, na gari atapewa mtu mwingine. Sitaki kukuficha, Mheshimiwa: jambo hilo linaninyima usingizi na hata chai hainipandi. Gari hilo nalijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Najua gia ya pili inataka kubembelezwa asubuhi, najua waipa ya kulia hulalamika kukiwa na baridi. Miaka mitatu imebaki nistaafu, na nilitaka niimalize nikiwa nyuma ya usukani ule ule.

Kwa hiyo naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio, nikianza na wakosaji wadogo.

1. Jua. Sehemu yako ya kuegesha iko mbele ya mlango mkuu, mahali palipo wazi, na jua linaifikia boneti kabla hata wafanyakazi hawajamaliza kusalimiana. Tone la maji likitua juu ya bati jeusi lililokwisha kupata moto halipewi nafasi ya kuteleza. Linakauka papo hapo. Maji yanaondoka, chokaa iliyokuwa ndani yake inabaki, imejichora duara kama alama ya kikombe mezani. Yakikauka matone mawili unayafuta kwa leso ukaendelea na safari. Yakikauka mia nne unaandikiwa barua. Silichukii jua, lilikuwepo kabla ya ofisi hii. Nalalamika tu kwamba mpaka leo halijapewa onyo lolote, wala la mdomo.

2. Upepo. Hapa itabidi nitaje Bomba la Heshima, na nalitaja kwa adabu zote. Ni lile bomba la mapambo ulilolizindua mwenyewe miezi miwili iliyopita mbele ya jengo, linalorusha maji juu urefu wa mtu na nusu na kuyamwaga kwenye beseni la marumaru. Jina ambalo wafanyakazi wamelibandika sitaliandika humu, maana barua hii itapita mikononi mwa Bi Mhazili wako, ambaye ni mtu wa dini, ingawa nasikia yeye ndiye aliyelitunga.

Kwa maelekezo yako, gari linasimama hatua nne kutoka kwenye bomba, ili mgeni akiingia getini avione vyote viwili kwa mpigo. Bomba linafunguliwa saa mbili na nusu kamili, unapowasili, na kufungwa wageni wa mwisho wakishaondoka. Maji yanapanda vizuri kabisa, kama yalivyoagizwa. Taabu ni wakati wa kushuka. Upepo unachukua fungu lake unalileta kwenye gari. Nimeupima upepo huo kwa leso siku kumi na mbili. Siku kumi na moja ulielekea kwenye gari lako. Siku ya kumi na mbili ilikuwa sikukuu, ofisi ilifungwa, na upepo nao sikuuona.

3. Maji yenyewe. Naomba nieleweke vizuri: bomba halina kosa. Bomba ni chuma, linafanya linaloambiwa, sawa na sisi wengine. Mwenye kosa ni maji, ambayo yanatoka kwenye kisima kilichochimbwa nyuma ya jengo. Maji hayo ni magumu. Ukinawa nayo, sabuni haitoi povu, inateleza tu inakwenda zake. Mama wa chai anaweza kukuonyesha birika lake: limeota ganda jeupe kwa ndani, kila Ijumaa analigonga kwa kijiko mpaka livunjike. Basi kinachoota ndani ya birika ndicho kinachoota juu ya kioo chako cha mbele. Tofauti ni kwamba mama wa chai hajaandikiwa barua, kwa kuwa ndani ya birika hakuna mgeni anayechungulia.

4. Juhudi zangu. Barua ya pili ya onyo ilisema nimekaa mikono mifukoni. Mheshimiwa, mifuko yangu siku hizi imejaa vitambaa, mikono haiingii.

Nafika kazini saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa bado baridi, kwa sababu ukilisugua likiwa na joto unayapika madoa badala ya kuyatoa. Nachanganya siki na maji nusu kwa nusu. Nalowesha kitambaa laini, nakilaza juu ya kioo, nakiacha kidogo chokaa ilainike, ila sikiachi kikauke. Kisha nafuta bila kukandamiza, nasuuza, nakausha kwa kitambaa kingine kikavu. Kwenye vioo natulia. Kwenye rangi naharakisha na siki naipunguza, maana siki haijui kutofautisha chokaa na nta, inakula vyote. Baada ya hapo napaka nta upya, boneti, milango, paa, buti, mpaka nikiinama najiona meno. Ikifika saa mbili na robo, gari lako linang'aa kiasi cha kunitoa machozi, na hilo nalisema bila aibu. Nakufuata nyumbani, saa mbili na nusu unashuka mlangoni, bomba linafunguliwa. Saa tatu gari limerudi kuwa chui.

Nyumbani nako hali si nzuri. Mama watoto ameniuliza siku hizi nimehamishiwa jikoni kwa nani, maana kila nikirudi nanuka siki, na chupa yake ya jikoni imekwisha mara tatu bila yeye kuigusa. Mdogo wangu alinishauri dawa ya meno. Nikaijaribu kwenye kioo kimoja cha pembeni. Madoa yalipungua, kioo kikabaki kinanukia vizuri, lakini gari zima kwa dawa ya meno ni kazi ya mwaka.

Pia naomba kutoa ufafanuzi juu ya yale yanayoitwa kwenye barua ya pili "madoa marefu matatu kwenye kioo cha nyuma." Yale si madoa, ni mikwaruzo. Mtunza bustani alinionea huruma siku niliyokwenda kumwona daktari, akachukua waya wa kusugulia sufuria akanisaidia. Alifanya kwa nia njema na machozi yalimtoka alipoona matokeo. Naomba asiandikiwe barua, ana roho nzuri kuliko mkono wake.

5. Stoo. Dawa ya kuzuia madoa haya ipo, na kila fundi wa magari anaijua: ukishaosha, unasuuzia maji ya betri. Maji ya betri hayana chokaa wala chumvi, yakikauka hayaachi kitu. Ndani ya stoo yetu yako madumu sita. Nilipoomba dumu moja, Mtunza Stoo alinipa fomu inayouliza namba ya betri. Nikamweleza kwamba ni ya kusuuzia kioo. Akaniuliza kioo hicho ni cha volti ngapi. Fomu isiyojazwa yote haipokelewi, hivyo nikarudi na ndoo yangu tupu. Nikajaribu kukinga maji ya mvua, ambayo nayo ni mazuri sana kwa kazi hiyo. Mtunza Stoo akanifuata uani akasema kitu chochote kinachotumika kwenye gari la ofisi lazima kiwe kimepokelewa stoo kwa hati, na mvua ilikuja bila hati. Nikamwaga. Niliumia sana siku ile, maana nilikuwa nimejaza ndoo nne.

6. Kamati ya Madoa. Mheshimiwa, uliunda Kamati ya watu watano, na katika hao watano hakuna anayeendesha gari. Nawaheshimu. Walikaa siku tatu kwenye chumba cha mikutano, kile ambacho dirisha lake linatazama bomba na gari kwa pamoja. Siku ya kwanza walilalamika kwamba matone yanagonga kioo na kuwakatisha mazungumzo, wakavuta pazia. Matokeo yao unayo mezani: kwamba madoa ni ya duara, kwamba yanatokana na maji, na kwamba gari lioshwe mara tatu kwa siku. Halikutajwa ni kwa maji gani. Nikatii, nikaosha mara tatu kwa siku kwa maji ya kisima, na ndipo yakaongezeka licha ya onyo.

Mjumbe mmoja, ambaye sitamtaja ila ana mvi upande mmoja, alinivuta koridoni akaninong'oneza kwamba wote watano wanajua madoa yanatoka wapi, lakini neno "bomba" halikuwemo kwenye hadidu za rejea. Nilimshukuru kwa kunipa moyo.

Nikaenda kwa Afisa Utawala nikapendekeza gari lisogee hatua kumi tu upande wa kushoto, chini ya kivuli cha chumba cha jenereta. Akasema kibao kinachoonyesha nafasi yako kimejengewa zege. Nikapendekeza tulifunike kwa turubai. Akasema gari la Mkurugenzi likifunikwa watu watadhani kuna msiba. Nikapendekeza bomba lifunguliwe mgeni akifika tu. Akaniuliza kati ya hapo na hapo heshima itakuwa imekaa wapi. Hoja yake niliibeba mpaka nyumbani, nikala nayo chakula cha jioni, na ndiyo iliyonifungua macho.

7. Kosa langu halisi. Ikiwa bomba ni la heshima, basi maji yanayotoka humo ni maji ya heshima. Tone la maji hayo likitua kwenye gari, limeliheshimu. Na alama inayobaki tone likikauka ni ushahidi kwamba heshima ilifika na ikapokelewa. Sasa mtu anayeamka alfajiri kuufuta ushahidi huo kwa siki, siku baada ya siku, miezi miwili mfululizo, anafanya nini? Anaifuta heshima ya ofisi. Nilipofika hapo niliweka kijiko chini, Mheshimiwa. Niligundua nimeonywa kwa madoa niliyoyaacha, ilhali nilistahili kuonywa kwa yale niliyoyatoa.

Kwa kutambua uzito wa jambo hili, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu mkubwa.

Kwanza, barua zangu mbili za onyo zigeuzwe kuwa barua za pongezi. Tarehe zinaweza kubaki zilezile, na hata maneno mengi hayahitaji kuguswa.

Pili, madoa yatambuliwe rasmi. Masjala iyahesabu na kuyapa namba, kila doa jalada lake, na doa litakalofifia bila kibali litolewe maelezo na dereva kwa maandishi.

Tatu, magari ya wakuu wa idara, ambayo yanaegeshwa nyuma ya jengo na kung'aa bila haya, yaletwe mbele moja moja yapate madoa kulingana na cheo. Afisa Utawala apate mpaka usawa wa milango. Wakuu wa vitengo wapate kioo kimoja kimoja, tena cha pembeni. Itakuwa si haki gari la Mkurugenzi lionekane limechafuka peke yake wakati ni yeye pekee aliyeheshimiwa.

Nne, kila mgeni rasmi, kabla hajaruhusiwa kuondoka, gari lake lisimamishwe karibu na bomba kwa robo saa juani, na apewe cheti chenye muhuri kinachosema madoa aliyonayo ni halali na yametoka kwetu.

Tano, ikionekana taratibu hizi ni ndefu, basi gari lako lipakwe madoa meupe ya kudumu kwa rangi ya karakana, paa mpaka milango, ili maji yatakayotua yasionekane. Nimeshazungumza na fundi rangi. Alisema inawezekana, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu wote hawajambo.

Na ikiwa hata hilo haliwezekani, Mheshimiwa, basi naomba zile hatua kumi. Zege ninaweza kulivunja mwenyewe Jumamosi na kulijenga upya, kibao kikasimama vilevile, kikitazama vilevile. Nimeandika kurasa nyingi na nimezunguka sana, lakini ninachotaka hasa ni hicho: gari lisogee kivulini na ufunguo ubaki mfukoni mwangu. Silitetei gari kwa sababu ni lako. Nalitetea kwa sababu nimelizoea, na sidhani kama kuna mtu atakayeamka saa kumi kwa ajili yake.

Naomba unifikishie salamu kwa Bi Mhazili, kwa Afisa Utawala na mkono wake usiochoka kuandika, kwa wajumbe wote watano wa Kamati, na kwa mama wa chai pamoja na birika lake. Msalimie pia Mtunza Stoo. Kwa upande wetu huku kiti cha mbele sote hatujambo.

Nabaki kisogo chako kitiifu,

Dereva wa Mkurugenzi (kwa sasa).

Nakala: Afisa Utawala. Mwenyekiti wa Kamati ya Madoa. Jua na upepo havikupewa nakala kwa kukosa anwani.

Tanbihi, kwa kalamu ya mkono:

Mheshimiwa, barua hii ilikaa masjala siku tisa ikisubiri urudi kutoka safari ya ndege, na ndani ya siku hizo mambo yamebadilika. Nilipokea ile barua ya tatu. Niliifungua nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Kumbe haikuwa onyo. Kwa mapendekezo ya Kamati, ambayo iliona hakuna mfanyakazi aliyelichunguza bomba kwa karibu kama mimi, nimeteuliwa kuwa Msimamizi wa Bomba la Heshima. Nimepewa kiti chenye mikono, mwavuli mkubwa, filimbi na ufunguo wa koki. Ufunguo wa gari niliurudisha siku hiyohiyo.

Nilitaka kuichana barua hii, lakini masjala wanasema imeshagongwa muhuri na kupewa namba, na kitu chenye namba hakichanwi. Basi naomba isomwe kwa masahihisho yafuatayo. Nimelitazama suala hili kwa wiki nzima kutoka kitini kwangu na nimeridhika kwamba jua ni la kawaida, upepo hauna neno, na maji ya kisima ni mazuri, hata nimeyanywa. Madoa yanatokana na uzembe wa dereva. Malalamiko namba moja mpaka namba saba yahamishiwe kwenye jalada la dereva mpya.

Dereva mpya ni mtu mpole, mwenye mikono laini. Anafika saa kumi na mbili na chupa yake ya siki, na sijamwambia kuhusu siki na nta, kwa kuwa si kitengo changu tena. Juzi alikuja mpaka kwenye kiti changu akaniita mzee wangu, akaniomba kwa heshima nichelewe kidogo kufungua maji mpaka alisogeze gari. Nikamwonyesha kibao. Jana Afisa Utawala alimwandikia barua yake ya kwanza, nami nikatia saini kama shahidi.

Leo saa mbili na nusu kamili nilifungua koki. Maji yalipanda vizuri, upepo ukayapeleka, na gari likalowa kuanzia boneti mpaka buti. Dereva alisimama na kitambaa chake mkononi akanitazama. Nilitazama pembeni, kisha nikaongeza maji kidogo, kwa kuwa wageni walikuwa wameanza kuingia getini.